Kutoka langoni hadi ofisini: shajara ya kipa anayejifunza ukocha na uongozi wa klabu

Mradi wenyewe

Mwisho wa msimu uliopita nilivua glavu. Klabu niliyomalizia nayo ikanipa kazi mbili ndani ya mkataba mmoja: kocha wa makipa wa kikosi cha kwanza, na msaidizi wa meneja mkuu upande wa usajili na mikataba. Nauita mradi kwa kuwa una muda wake, misimu miwili, na una mahali pa kufika. Mwishoni niwe na leseni ya kufundisha timu nzima, si makipa peke yao, na niweze kukalia kiti cha ofisini bila kushikwa mkono. Humu naandika kilichosogea na kilichokwama. Wiki ambazo zilikuwa za koni na filimbi tu naziruka.

Wapo wanaosema kipa hawi kocha wa maana kwa sababu maisha yake yote amesimama sehemu moja. Hoja hiyo kipa Dino Zoff aliijibu zamani. Mwaka 1982 alilinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia mwenye miaka 40. Akiwa kocha aliipa Juventus Kombe la UEFA na Kombe la Italia mwaka 1990, akaenda Lazio akawa kocha na baadaye rais wa klabu, kisha akaifikisha Italia fainali ya Ulaya ya 2000, ambayo ilikuwa mikononi mwake hadi dakika za majeruhi kabla Ufaransa haijasawazisha na kumaliza kazi kwa bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza lililokuwa linamaliza mechi papo hapo. Benchi, ofisi, timu ya taifa: kote kapita mtu aliyezoea kusimama sehemu moja.

Nilipowachunguza wengine niliona jambo ambalo ndilo limenipa ramani. Karibu wote walikuwa na kituo cha katikati kati ya goli na kiti cha kocha mkuu. Nuno Espírito Santo, kipa wa akiba wa Porto iliyotwaa Ligi ya Mabingwa 2004, alianza kwa kuwa kocha wa makipa na msaidizi chini ya Jesualdo Ferreira, ndipo akapewa klabu ya Rio Ave. Julen Lopetegui alipitia timu za vijana za Hispania, akachukua ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 19 mwaka 2012 na wa chini ya miaka 21 mwaka 2013. Nigel Adkins alikuwa tabibu wa viungo wa klabu ya Scunthorpe. Mwaka 2006 akakabidhiwa timu, na msimu huohuo wakapanda daraja wakiwa mabingwa. Kituo changu cha katikati ndicho hiki nilichopo sasa. Nia yangu ni kukitumia vizuri, nisikae hapo nikisubiri tu basi linalofuata.

Maandalizi ya msimu

Nimeikuta desturi ileile niliyolelewa nayo. Makipa wanapelekwa pembeni ya uwanja, wanapigiwa mashuti mpaka wanalowa, halafu dakika za mwisho wanaitwa kwenye mechi ndogo kama watu waliotoka safarini. Kocha mkuu alinipa ruhusa ya kuibadili. Sasa nusu ya muda wao wanautumia na mabeki na namba sita, yaani kiungo wa ulinzi.

Sababu ni ya sheria zaidi kuliko mitindo. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kushika pasi ambayo mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi. Tangu 2019 mpira wa goli kiki unahesabika umeanza kuchezwa mara tu unapopigwa, kwa hiyo mwenzake anaweza kuupokea ndani ya kumi na nane. Ukiziunganisha hizo mbili, unapata mchezaji ambaye pasi ya kwanza ya mashambulizi mengi inatoka mguuni kwake. Huyo huwezi kumfundishia pembeni.

Hata hivyo, siko pamoja na wale walioisahau mikono. Kipa bado analipwa kwa kuzuia mpira usiingie kwenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na hakuna pasi nzuri inayofuta krosi iliyomponyoka. Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni kutulia kabla ya shuti: miguu yote miwili chini, uzito mbele kidogo, mikono wazi. Makipa vijana wana mbio nzuri sana za kwenda kuziba, lakini shuti linawakuta bado wanatembea. Mguu mmoja ukiwa hewani huwezi kuruka upande wowote, hata uwe na mwili wa namna gani. Nimemwambia mpigaji apige anapotaka, bila ishara, na kipa ahukumiwe kwa alivyosimama wakati mpira unaondoka. Kama aliudaka au alifungwa hilo tunaliacha kwanza. Walichukia siku za mwanzo, maana mtu alikuwa anadaka na bado anaambiwa arudie.

Sheria ya sekunde nane ndiyo iliyonipa kipindi changu cha kwanza mbele ya timu nzima. Zamani kipa akishika mpira zaidi ya sekunde sita adhabu ilikuwa mpira wa faulo usio wa moja kwa moja, na waamuzi wengi walikuwa hawaipulizi kabisa. Kuanzia msimu wa 2025/26 ni sekunde nane, refa anahesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na adhabu ni kona. Kona ni adhabu ambayo refa haoni uzito kuitoa. Kwa hiyo niliwaambia wachezaji kwamba kudaka si mwisho wa hatari bali ni mwanzo wa shambulizi lenye saa. Kipa akidaka krosi, mabeki wa pembeni wanatawanyika hadi mistarini, beki wa kati mmoja anashuka, namba sita anajionyesha mgongoni mwa straika wa wapinzani, winga wa upande ambao krosi haikutoka anakimbia. Msaidizi alikuwa anahesabu kwa sauti. Mara za kwanza kipa alikuwa anafika tano bila kumwona mtu aliye wazi. Kufikia mwisho wa maandalizi mpira ulikuwa unatoka kabla ya tatu.

Kocha mkuu alitazama akasema, "Hili si zoezi la makipa." Ndilo jibu nililokuwa nalitaka.

Mechi za mwanzo

Benchi ni mahali pabaya pa kutazamia mpira. Sikulijua hilo.

Ukiwa golini uwanja unauona kwa urefu. Unajua vizuri sana nani yuko kushoto na nani kulia, mwanya kati ya mabeki wa kati unauona kama mlango uliosahauliwa wazi, lakini umbali wa mbele unabanana: huwezi kusema kwa uhakika kama kiungo wao yuko mita tano au kumi nyuma ya straika. Ukiwa benchini ni kinyume chake. Mistari inaonekana, unajua timu imetanuka kiasi gani kutoka nyuma hadi mbele, lakini winga wa upande wa pili unamwona kama amebanwa hata akiwa peke yake. Nilikuwa natoa ushauri kwa macho ya kipa huku nimesimama mahali pa kocha, na macho hayo yalikuwa yanasoma kitu kingine.

Tulichofanya ni kuweka kamera juu, nyuma ya goli. Video ya pembeni wanaitazama wote. Hii ya nyuma naitazama mimi na kocha mkuu usiku wa mechi, na maamuzi mengi ya namna ya kukaba yametoka humo. Beki wa kushoto aliyekuwa analaumiwa kwa kupitwa tulimwona kwenye picha hiyo: shida haikuwa yeye, kiungo wa upande wake alikuwa anaacha njia ya ndani wazi, kwa hiyo akawa anakaba watu wawili. Kutoka benchini hakuna aliyeliona.

Jambo lingine ni sauti. Langoni nilizoea kusema neno moja: Wangu! Toka! Kushoto! Acha! Ni amri za sasa hivi, na anayeambiwa yuko mita chache tu. Kocha anasema kuhusu dakika kumi zijazo, tena kwa mtu aliye upande wa pili wa uwanja ambaye hasikii. Halafu kuna kanuni ambayo wachezaji wengi hawaijui, kwamba kwenye eneo la ufundi ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja anayeruhusiwa kutoa maelekezo. Nikisimama mimi, kocha mkuu anakaa. Tumekubaliana nisimame kwenye kona na faulo za karibu na goli letu, basi. Mengine namwandikia kwenye karatasi.

Darasani

Ngazi za leseni zinajulikana. Kwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni D, C, B, A, kisha Pro. Kwa UEFA, lile la Ulaya, ni C, B, A na Pro. Pembeni ya ngazi hizo kuna leseni za makipa. UEFA wana ya B na ya A. Watu wengi waliokuwa makipa wanaingia njia ya pembeni kwa sababu wanaijua, wanafika juu yake, kisha wanagundua kwamba klabu ikitafuta kocha mkuu, cheti chao hakihesabiwi. Nimechukua njia kuu. Inachosha zaidi na kwa mtu wa umri wangu inakera kidogo kukaa darasani na vijana wanaoandika haraka, lakini ndiyo inayofika.

Kozi imenionyesha ninapopungukiwa. Nikiambiwa nieleze namna ya kulinda kona, kupanga ukuta, kusogeza mstari wa mabeki au kukaba krosi, naweza kuongea mpaka taa zizimwe. Kisha mkufunzi akanipa kazi ya vitendo: andaa kipindi cha mashambulizi kwenye theluthi ya mwisho, ile sehemu ya uwanja iliyo karibu na goli la wapinzani. Nilitazama karatasi muda mrefu. Theluthi hiyo nimeitazama maisha yangu yote, lakini kutoka upande wa adui.

Theluthi ya mwisho

Huu ndio ukurasa nilioufanyia kazi kuliko mingine yote.

Nilianza kwa kuandika mipira iliyokuwa ikinitesa langoni. Wa kwanza ni krosi ya chini, kali, inayopita kwenye korido kati ya mabeki na kipa. Ukitoka umechelewa, ukibaki mtu anagusa tu na ncha ya kiatu, na beki akijaribu kuiokoa anajifunga. Mawinga wetu walikuwa wanapiga kinyume chake: krosi za juu, zinazoning'inia, karibu na mstari wa goli. Kipa mrefu akiona mpira wa namna hiyo anafurahi. Niliwaambia hivyo hivyo: hiyo mlikuwa mnanipa zawadi.

Wa pili ni mpira unaofika karibu na mstari wa goli kisha unarudishwa nyuma kuelekea kwenye nukta ya penalti. Hapo kipa amebana nguzo ya karibu, mabeki wote wanakimbia wakitazama goli lao, na ghafla hatari imehamia katikati. Kipa anatakiwa avuke nusu ya lango, ageuze mwili, atulie. Muda wa kufanya yote matatu haupo. Tatizo letu ni kwamba hakuna aliyekuwa anasimama pale kwenye nukta. Mastraika wote wawili walikuwa wanakimbilia ndani ya mita sita, wanabanana na mabeki, eneo la nyuma linabaki tupu. Sasa mmoja anaingia, mmoja anachelewa kwa makusudi. Kuchelewa kwa makusudi ni kugumu kufundisha kuliko nilivyodhani, maana straika akisimama mashabiki wanamwona mvivu.

Wa tatu ni shuti la mapema. Wachezaji wengi huongeza mguso mmoja wa kujiweka sawa. Mguso huo wanadhani wanajisaidia, kumbe wanamsaidia kipa: anapata nafasi ya kuteremsha miguu na kutulia. Shuti dhaifu linalopigwa kipa akiwa bado anasogea lina hatari kuliko kombora lililopigwa akiwa tayari. Hapa ndipo kazi yangu ya asubuhi na ya jioni zilipokutana. Makipa nawafundisha kutulia, mastraika nawafundisha kupiga kabla kipa hajatulia, na tunaziweka pande hizo mbili kwenye zoezi moja. Mashindano yamekuwa ya kweli. Kipa namba moja ameacha kunisalimia vizuri.

Wa nne ni shuti linalopita kati ya miguu ya beki au pembeni ya nyonga yake. Kipa hauoni mpira mpaka umeshavuka mtu wa mwisho. Kuna mpira mwingine ambao watazamaji wanaupenda na mimi sikuwahi kuuogopa: shuti la mbali lililo wazi tangu linapoondoka mguuni. Uwanja unashangilia, kipa anapumua.

Niliwaonyesha pia namna kipa anavyopunguza pembe. Akitoka hatua kadhaa mbele lango linakuwa dogo machoni pa mpigaji, lakini kila hatua anayotoka inaongeza nafasi ya juu yake na inapunguza muda wake wa kuona. Akiwa karibu nawe kabisa, mahali pagumu kwake kufika ni chini, pembeni ya mguu wake, kwa sababu mkono una safari ndefu kushuka. Mastraika walikuwa wanasikia haya kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanatazama nguzo, hawatazami miguu ya kipa.

Lakini straika wetu mkubwa aliniuliza swali ambalo limenikaa. "Mwalimu, umeshawahi kupokea mpira ukiwa na beki mgongoni?" Sijawahi. Ninajua shambulizi linavyomalizika. Namna linavyojengwa pale watu wanapovutana jezi, namna ya kumtegea beki mwili, lini umwachie mpira upite, hayo sikuwahi kuyafanya hata mazoezini. Nilimwomba aongoze sehemu hiyo ya kipindi yeye mwenyewe, mimi nikakaa na daftari. Tumeendelea hivyo. Kila wiki kuna nusu saa ambayo mchezaji anafundisha na kocha anaandika, na kocha mkuu amekubali iingie kwenye ratiba.

Kipindi nilichokipeleka kozini kilikuwa cha mpira wa kurudishwa nyuma, kikiwa na kipa halisi golini badala ya koni. Kilipita.

Kipa namba mbili

Nafasi ya kipa ni moja tu. Beki wa kulia akipoteza nafasi anaweza kuingizwa dakika ya sitini au kusogezwa mbele. Kipa wa akiba anaweza kukaa msimu mzima bila kugusa mpira wa mechi, na kila siku anatakiwa afanye mazoezi kana kwamba anaanza kesho.

Mwezi huu tulimbadilisha namba moja. Kocha mkuu ndiye mwenye uamuzi, lakini kumwambia mchezaji ni kazi yangu. Nilimwita kabla ya orodha kubandikwa, nikamweleza sababu mbili zinazohusu kutoka kwake kwenye krosi, nikamwonyesha picha, nikamwambia pia muda tutakaoitazama tena nafasi hiyo. Kisha nikamwambia namba mbili, peke yake, chumba kingine.

Nilikuwa nafikiria Kombe la Dunia la 2014. Robo fainali dhidi ya Costa Rica, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti. Krul aliokoa mbili, Uholanzi ikapita. Wengi wanaisimulia kama akili kubwa, na ilikuwa hivyo. Mimi nawaza kuhusu mechi iliyofuata: nusu fainali na Argentina ikafika penalti pia, nafasi za kubadilisha zilikuwa zimekwisha, akabaki golini yuleyule Cillessen aliyeonyeshwa siku chache kabla kwamba kwa penalti kuna anayeaminiwa zaidi yake. Uholanzi ikatolewa. Sisemi mabadiliko yale ndiyo yaliyowatoa. Ninachosema ni kwamba mpango wa namna ile ningeuweka wazi kwa makipa wote tangu mwanzo wa mashindano.

Ofisini

Makipa waliokwenda ofisini wametoa mafunzo ya pande mbili. Edwin van der Sar alistaafu 2011, akaingia Ajax mwaka 2012 upande wa masoko, na mwaka 2016 ndipo akawa mtendaji mkuu. Aliijua klabu kwanza kwa upande wa wanaolipa pesa. Oliver Kahn alikuwa mtendaji mkuu wa Bayern kuanzia Julai 2021, akaondolewa Mei 2023, siku ileile timu iliponyakua ubingwa. Kwa hiyo kombe si kinga ya kiti.

Kazi yangu hapa ni makaratasi, na kusema kweli imenivutia kuliko nilivyotegemea. Nimeanza na kumbukumbu za vijana. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15 klabu inapata asilimia 0.25 ya ada, na kwa kila msimu wa 16 hadi 23 inapata asilimia 0.5. Ukimlea mtoto misimu minne ya mwanzo tu, umeshajiwekea asilimia 1 ya kila ada ya namna hiyo itakayolipwa kwa ajili yake. Tofauti na hiyo kuna fidia ya mafunzo, inayodaiwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na anapohama kimataifa mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Kwa soka la wanawake fidia hiyo haipo.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo cha kugawa malipo haya, na mgawo unatokana na pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa. Hapo ndipo shughuli ilipo. Mtoto aliyefanya mazoezi kwetu miaka mitatu bila kusajiliwa kwenye mfumo, kwa macho ya pasipoti hiyo hakuwahi kuwa wetu. Nimekuta makabati ya fomu zenye picha na sahihi, zingine nzuri kabisa, ambazo hazikuwahi kuingizwa popote. Tunaziingiza kadiri shirikisho linavyoruhusu, na kuanzia sasa hakuna mtoto anayepewa jezi kabla hajasajiliwa. Makocha wa vijana walilalamika kwamba nawageuza makarani. Nimekubali kuwatafutia karani mmoja.

Jambo la pili ni mishahara. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipomlipa mchezaji mishahara miwili ya mwezi, na akaipa notisi ya maandishi ya siku 15 bila kulipwa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Nimechora kalenda inayoonyesha pesa zinaingia lini na mishahara inatoka lini. Miezi ya mapumziko ya msimu ndiyo hatari, maana viingilio hakuna na mikataba inaendelea. Meneja mkuu alikuwa analijua hili kichwani. Sasa liko ukutani, na bodi inaliona kila inapokutana.

Leseni ya klabu, yaani kibali cha kushiriki mashindano, nayo ina makundi yake matano ya masharti: michezo, miundombinu, utawala na wafanyakazi, sheria, fedha. Tuko vizuri kwenye mawili, sitataja yapi.

Dirisha dogo

Usajili wa katikati ya msimu umefunguliwa: wiki za simu. Kazi yenyewe ni ya kukagua tarehe kuliko ya kusaka vipaji. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo kwenye mkataba yuko huru kusaini na klabu nyingine, kwa hiyo majina yote yanayoangukia hapo nilikuwa nimeyapeleka kwa bodi mapema, tangu mwanzo wa msimu. Wawili wameongeza. Mmoja amekataa, na tumemwambia kocha mkuu ajipange bila yeye msimu ujao badala ya kushtuliwa.

Mkataba hauruhusiwi kuzidi miaka mitano, isipokuwa sheria za nchi zikiruhusu, na kwa aliye chini ya miaka 18 FIFA haitambui zaidi ya mitatu. Pia uhalali wa mkataba hauwezi kufungwa kwenye matokeo ya vipimo vya afya, kwa hiyo daktari anatangulia, kalamu inafuata. Wakala mmoja alikuwa anatuharakisha tusaini jioni na vipimo vifanyike asubuhi. Tulisubiri hadi asubuhi. Uhamisho wenyewe unapita kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa kusimamia uhamisho, na bila hati ya uhamisho wa kimataifa mchezaji anabaki mgeni jukwaani, hata kama jezi yake imeshachapishwa.

Katikati ya yote hayo likatokea lile nililokuwa naliona linakuja. Kipa wetu wa tatu alitaka kuzungumzia nyongeza ya mshahara, akanifuata mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekutana naye kila asubuhi. Asubuhi namwambia ana upungufu kwenye mipira ya juu, mchana nikae mezani nimpangie thamani? Akikubali kidogo atadhani nilimkosoa ili nimpunguzie bei. Nikimwandikia kingi atadhani sitamkosoa tena. Nimemwomba meneja mkuu anitoe kwenye mazungumzo ya mchezaji yeyote ninayemfundisha moja kwa moja, na amekubali kwa maandishi.

Hali ilivyo

Mzunguko wa pili umeanza. Kumbukumbu za vijana zimefika mbali lakini hazijaisha. Nusu saa ya wachezaji kufundisha imemfikia kiungo wetu wa zamani zaidi, ambaye nadhani atakuwa kocha kabla yangu. Mabao ya mpira wa kurudishwa nyuma yameanza kuonekana kwenye mechi, na siku moja tulifungwa la namna hiyohiyo, jambo lililowafurahisha mastraika kuliko ilivyostahili.

Bodi imeniomba nichukue timu ya chini ya miaka 20 msimu ujao, niendelee pia na mikataba ya klabu nzima. La kwanza nimekubali. La pili nimewajibu kwamba sharti la kutogusa mikataba ya ninaowafundisha linabaki, na kwa timu ya vijana maana yake ni kikosi kizima, kwa hiyo watahitaji mtu mwingine kwenye meza hiyo. Nimependekeza nibaki na usajili, leseni na kalenda ya mishahara. Bado hawajajibu.

Mtihani wa vitendo wa leseni umepangwa baada ya mapumziko ya timu za taifa. Mada niliyopewa ni kutoka nyuma dhidi ya timu inayokaba juu. Nimeomba vijana wa chini ya miaka 20 ndio wacheze, nianze kuwajua. Golini nitamweka yule kipa wa tatu, maana ndiye mwenye mguu mzuri wa kushoto, na mazungumzo yake na meneja mkuu yamekwisha.